Shimo la Houda

Houda nilimzaa baada ya kumwoza dada yake, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia. Mimba yangu ilipoanza kuonekana, Hayat, binti yangu wa kwanza, naye alikuwa na yake. Tulikaa ua mmoja, kwa sababu mume wake alikuwa amevuka kwenda Uvira kutafuta biashara na hakutaka kumwacha peke yake katika mtaa ambao nusu ya nyumba zilikuwa zimefungwa. Asubuhi mama na mwana tulikuwa tunatapika kwenye mfereji mmoja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, mama aliyekwisha kuoza hujitenga na mambo hayo. Anakaa na wakubwa kwenye harusi za watu, anaonja pilau, anatoa shauri. Hazai tena. Mimi nilikuwa nakwenda sokoni nimejifunga vitenge viwili na mtandio mpana juu yake, katika joto lile, nikimtazama kila anayenitazama.

Karimu, mume wangu, yeye alifurahi. Ni fundi wa magari, na gereji yake ni pale pale mbele ya mlango wetu, kando ya barabara. Wenzake walimpigapiga mgongoni. Kwa mwanamume jambo lile ni sifa. Alisema Mungu hakuangalia miaka yetu, akaendelea kufungua boliti zake.

Houda alizaliwa kwanza. Anouar, mtoto wa Hayat, akafuata kabla arobaini yangu haijaisha. Watoto wawili wakawa wanalala mkeka mmoja, na Houda, hata kichwa hajakaza, alikuwa mama mdogo wa mwenzake.

Mwanzoni walikwenda sawa. Walikaa karibu wakati mmoja. Kisha Anouar akatambaa, na baada ya kutambaa akaanza kushika vitu na kujiinua. Alishika kinu, akainuka. Alishika ndoo ya maji, ikampindukia, akalia, akaishika tena. Alishika gurudumu la gari lililoegemea ukutani kwa Karimu, akasimama amelikumbatia, miguu inatetemeka, anatugeukia sote kama mtu anayedai asifiwe. Houda alikuwa anamtazama. Yeye alikaa pale ulipomweka. Ukimwinua, miguu anaikunja. Ukimshusha, anakaa.

Mara nyingi hakuwa hata chini. Alikuwa mgongoni kwangu. Ilikuwa miaka ya vita, na huo mwaka wenyewe ulikuwa wa vikwazo, nchi jirani zimetufungia mipaka. Petroli haipatikani, magari ya Karimu yote yako juu ya mawe yakingoja vipuri, na milio ya bunduki unaisikia mchana, halafu unasubiri kujua imetoka upande gani. Mwaka uliotangulia, askari walipoingia Bwiza, mtaa wa jirani, na kwetu, nilimwona mwanamke aliyekimbia hadi mwisho wa avenyu ndipo akakumbuka kwamba mtoto wake amebaki kwenye mkeka. Nilimwona akirudi. Sikungoja kuona mengine. Tangu siku ile niliamini kwamba mtoto uliye naye ni yule aliyefungwa mwilini mwako. Nilipika na Houda mgongoni, nikafua naye, nikafagia naye. Hayat ni kijana, yeye wake alimtua chini bila kufikiri.

Aliyeanza kusema ni Mawazo, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mawazo ni mkubwa wangu kwa miaka, mjane, na ana kigoda anachokiweka upande wake wa ukuta ili apande na kuzungumza na watu wa upande wetu. Siku moja alimwona Anouar amesimama kwenye gurudumu lake, akaniona mimi na mzigo wangu mgongoni.

“Hii ni mpya,” akasema. “Mama mudogo anabebwa, mupwa anasimama.”

Wanawake waliokuwa wanangoja zamu ya maji walicheka. Nami nilicheka. Lakini kuanzia hapo nilikuwa nikiulizwa habari ya Houda nasema amelala, hata akiwa ametoa kichwa pembeni anawatazama. Kwenye kliniki ya chanjo muuguzi aliniuliza kama mtoto anasimama akishika kiti. Nikamjibu ndiyo, anashika, anasimama vizuri. Nyumbani hatukuwa na kiti. Viti vyote viliibwa tulipokimbia. Nilitoka pale nikitembea haraka, kama mtu aliyechukua kitu kisicho chake. Niliyajua watakayosema. Watasema tumbo lilikuwa limezeeka. Watasema mtoto wa mwisho amepewa mabaki.

Mama yangu alikuwa mtu wa Ujiji. Aliniambia zamani kwamba mimi mwenyewe nilichelewa, na kwamba nilisimamishwa kwenye shimo. Unachimba shimo dogo, la kumfika mtoto kiunoni. Unapasha mchanga moto kidogo, unamsimamisha mtoto humo ndani, unaumimina mchanga mpaka umshike miguu na mapaja. Anakaa wima bila mtu kumshika, mifupa inajifunza. Hufanywa alfajiri, kabla watu hawajaanza kupita. Na shimo halifukiwi mpaka mtoto ashike kitu na kujiinua mwenyewe, bila mkono wa mtu. Ukilifukia kabla, alisema mama, umemfukia na miguu yake.

Sikumwambia Karimu. Siku nilipomgusia habari ya miguu ya Houda alisema si gari yule, atasimama akitaka. Tena Karimu hana siri. Ningemwambia asubuhi, saa sita mafundi wote wa avenyu wangekuwa wananipa pole. Kwa hiyo nilingoja atoke kwenda msikitini kwa sala ya alfajiri, nikachimba nyuma ya jiko, pale ukuta unapokutana na choo. Jembe lilikuwa halina mpini, nililishika kwa mkono. Udongo niliutia kwenye ndoo, nikaifunika kwa kitambaa kama mtu anayebeba chakula, nikaenda kuumwaga kwenye mfereji mkubwa mwisho wa avenyu, nikirudi napita upande mwingine. Mchanga nilichota kwenye nyumba ya jirani iliyokwama kujengwa. Nilipomaliza, baada ya alfajiri kadhaa, shimo nililifunika kwa bati, juu ya bati nikaweka gunia la makaa na mawe mawili.

Houda alilipenda shimo lake. Hilo halikuwa limenijia akilini. Nilipasha mchanga kwenye karai juu ya imbabura, jiko letu la makaa, nikaupima joto kwa kiwiko kama maji ya kuogea, nikamsimamisha, nikamimina. Kwanza aliutazama mchanga. Kisha akaanza kupiga ukingo wa shimo kwa viganja, pwa, pwa, anageuza kichwa kuangalia ua wetu kutoka urefu ambao hakuwahi kuuona. Niliketi mbele yake huku nikisikiliza hatua za Karimu zinazorudi. Zikikaribia namtoa, nampangusa, namfunga mgongoni, nafunika bati. Ilikuwa hivyo kila alfajiri. Hayat aliniona siku moja akienda chooni. Akapita zake.

Kisha wakaja kusaka silaha. Hilo lilikuwa jambo la kawaida wakati ule. Asubuhi unakuta askari wamesimama pande zote mbili za avenyu. Watu wote wanatolewa nyumbani, wanaketishwa barabarani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na askari wanaingia ua mmoja baada ya mwingine pamoja na chefu wa mtaa. Chefu wetu alikuwa Pontien, mtu mpole anayependa kuvaa koti hata kwenye jua. Niliketi chini na Houda mgongoni, Hayat kando yangu na Anouar mapajani. Sikuwa na hofu ya silaha, kwa sababu hatukuwa nazo. Shimo lilikuwa limenitoka kabisa.

Nilisikia gunia la makaa likiburutwa, nikakumbuka.

Walitoka na bati. Waliliweka barabarani mbele ya watu wote, kama wamekamata mwizi. Mkubwa wao alimwita mwenye nyumba, Karimu akasimama, akaambiwa apige magoti, akapiga magoti kwenye vumbi na mikono kichwani. Mkubwa alizungumza Kirundi, polepole, hakupaza sauti. Alisema wamepewa habari kwamba katika nyumba hii kuna mtu anabeba udongo alfajiri kwenye ndoo iliyofunikwa. Sasa wamekuta shimo limechimbwa upya, lina mchanga laini ndani, limefunikwa, limewekewa makaa. Kilichokuwa kwenye shimo kimepelekwa wapi?

Karimu alimtazama Pontien. “Sijui, chefu. Shimo gani? Naapa kwa Mungu, mi sijui shimo.”

Alisema kweli, na ukweli wake ulionekana kama uongo wa kijinga kabisa. Mtu gani hajui shimo lililo uani kwake? Askari mmoja alimsogelea. Niliona nyayo za Karimu, zilivyopinda vumbini, zenye mafuta meusi ya gari yasiyotoka hata kwa sabuni. Wote ninaowaficha walikuwepo: Mawazo, wanawake wa bombani, mafundi, mke wa imamu. Kama ningeweza kumwambia yule mkubwa peke yake, sikioni, ningemwambia. Lakini nilikuwa nimeketi katikati ya watu, na ilibidi nisimame.

“Ni mi nilichimba,” nikasema. “Ni ya mutoto.”

Nikaona nyuso zinabadilika. Pontien alivua kofia. “Mutoto gani amekufa hapa, Mama Hayat? Mbona hatukuambiwa?”

“Apana. Si ya kuzika.” Nikamgusa Houda mgongoni. “Ni ya kumusimamisha. Houda hasimami. Ana mwaka na zaidi na hasimami.”

Pontien alimfasiria mkubwa, ingawa nadhani alikwisha kuelewa. Mkubwa akamtazama mtoto. Akasema twende, nimwoneshe. Na kwa kuwa lango letu lilikuwa wazi na ukuta wa upande wa barabara ni mfupi, na watu walianza kuinuka kwa magoti ili waone bila askari kuwazuia, hakuna aliyekosa kuona. Nilimfungua Houda mgongoni. Nilimtia shimoni. Lilimfika kiunoni sawasawa, kama koti alilopimiwa. Nikamimina mchanga kwa mikono miwili. Na Houda, alipojiona yuko mahali pake, akatazama buti zile zote, akapiga ukingo kwa viganja, pwa, pwa, akacheka.

Kicheko kikaanza barabarani. Kwanza mmoja, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Hata askari walicheka. Fundi mmoja, bado ameketi vumbini, aliita: “Karimu, si umutilie kriki!” Maana kriki ndiyo inayoinua magari, na magari yote ya Karimu yalikuwa juu ya mawe.

Ningeweza kukivumilia kicheko. Lakini mkubwa alisema nimtoe, nimweke chini, aone. Nikamtoa, nikampangusa mchanga, nikamshika makwapa, nikamsimamisha kwenye ardhi. Nilimwomba kimoyomoyo. Nilipolegeza mikono, miguu yake ilikunjika kama nguo inayodondoka kutoka kwenye kamba, akaketi. Kicheko kikakatika. Walinyamaza wote kwa huruma, na mimi nilitamani waendelee kucheka.

Mkubwa alisema shimo lifukiwe. Hataki mashimo katika mtaa huu. Chefu atapita kesho kuhakikisha. Kisha wakahamia ua wa pili.

Karimu alinawa magoti kwenye ndoo, akanawa na uso. Tulikuwa sisi wawili tu jikoni.

“Ungeniambia,” akasema.

“Ungeiambia gereji nzima.”

“Sasa imeambiwa avenyu nzima.” Alitaka kutabasamu, akaona uso wangu, akaacha. Alitoka kwenda kazini kwake, na kutwa nzima nilisikia wanamtania habari ya kriki. Hakuwajibu vibaya hata mara moja. Jioni aliniletea chepeo ya kufukia, akaiegemeza kwenye ukuta, hakuigusa tena. Nilimweleza alivyosema mama yangu. Alinisikiliza, akasema basi tungoje mpaka chefu aje.

Asubuhi nilikuwa namfunga Houda mgongoni kama siku zote, Hayat akanishika mkono.

“Mama, mweke chini,” akasema. “Wote wamekwisha kumwona.”

Nikaliachia fundo la kitenge, na Hayat akamchukua, akamweka kwenye mkeka karibu na Anouar. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi hata nikaona vibaya. Nilizunguka ua bila kazi. Kila nilipotazama mkeka nilipima ni hatua ngapi za kumfikia nikisikia mlio. Anouar alimvuta nywele. Houda akajikokota kwa makalio kumkimbia, akafika kwenye ndoo, akaipiga, akaenda kwenye gurudumu, akalilamba. Yote aliyokuwa anayaona kutoka mgongoni kwangu, sasa alikwenda kuyaonja.

Mchana Mawazo aliingia kwa mlango, si kwa ukuta. Alibeba fungu la majani ya muhogo. Aliyaweka chini mbele yangu akabaki amesimama, jambo ambalo si desturi yake.

“Ni mi nilisema habari ya ndoo,” akasema. “Nilimwambia muke wa chefu. Nilikuona unapita na ndoo imefunikwa, siku na siku, na we ukinisalimia huniangalii. Nilidhani ni mambo ya Karimu.” Akatazama kule nyuma ya jiko. “Ningejua ni ya mutoto, ningekuletea mchanga wa ziwani Kajaga, ule laini.”

Nilitafuta hasira, nikaikosa. Mtu aliyejificha vile, jirani afikiri nini? Nikamwambia akae. Akaketi kwenye mkeka na watoto, nami nikaweka majani kwenye kinu nianze kutwanga sombe, maana mikono ilitaka kazi na macho yalitaka mahali pa kutazama pasipo na mtu. Niliwapa mgongo.

Kinu chetu ni kikubwa, mchi wake unataka mikono miwili. Nilikuwa nimevaa kitenge cha nyumbani, nimekifunga kiunoni kwa fundo la kawaida, na ndani yake sketi niliyoshona kwa mfuko wa unga wa msaada. Wengi tulishona hivyo wakati ule. Kitambaa kile ni kigumu, hakiishi, na maandishi yake ya buluu hayatoki kwa kufua. Yangu yalikuwa nyuma. Kwa sababu hiyo fundo la kitenge nilikuwa nalikaza daima.

Majani yalikuwa yameanza kulainika niliposikia kitenge kinavutwa kwa nyuma. Nilifikiri ni Anouar. Nikataka kugeuka nimkemee.

“Twanga,” Mawazo akasema, sauti ya chini kabisa. “Usigeuke. Twanga tu.”

Nikatwanga. Kitenge kikavutwa tena, na safari hii hakikuachiwa. Uzito ukaning'inia, mdogo, ukalegea, ukarudi. Nilimsikia Anouar upande wa kushoto, kule kwenye gurudumu, akiongea peke yake. Basi aliye nyuma yangu hakuwa Anouar. Nikasikia ngumi mbili zimeshika kitambaa usawa wa magoti yangu, kisha juu ya magoti. Nikasikia pumzi yake, ile pumzi ya kujikamua ya mtoto anayefanya kazi. Nilijua nikisimamisha mchi atashtuka. Nikatwanga kwa mpigo ule ule, ila si kwa nguvu.

Wakati huo Pontien aliingia langoni na koti lake, Karimu nyuma yake ameshika chepeo. Na wakati huo huo fundo la kitenge likaanza kuteleza.

Nililisikia likitoka. Mkono mmoja ungetosha kulishika, lakini mkono mmoja haushiki mchi ule. Mbele yangu alikuwa chefu wa mtaa, ambaye jana alivua kofia akidhani nimezika mtoto, na jirani yangu alikuwa nyuma yangu, na barabarani mafundi, na lango halikufungwa. Houda akajivuta tena. Kitenge kikashuka kwenye makalio, kikashuka mapajani, na yeye akapanda kadiri kilivyoshuka, mpaka ngumi moja ikakiacha na kushika mfuko wa unga wenyewe, pale penye maandishi. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Alisimama. Nilisikia uzito wake wote umehama kutoka kwenye nguo kwenda chini, kwenye miguu yake, na mimi nimebaki kuwa kitu cha kushika tu, kama gurudumu.

Pontien alitazama, kisha akageuka haraka kuangalia ukuta, akauangalia kwa makini kama kwamba alikuja kuukagua. Uso wangu ulikuwa unawaka hadi masikioni. Sombe ilikuwa imekwisha kulainika zamani, hapakuwa na cha kutwanga, nami nikaendelea.

“Amesimama?” nikauliza.

“Amesimama,” Mawazo akasema. “Na mi nasoma unga wa nchi gani.”

Karimu aliangusha chepeo, kisha akaiokota, akaenda nyuma ya jiko. Nilisikia udongo wa kwanza ukianguka shimoni. Kitenge kilikuwa miguuni kwangu, nami sikuinama kukiokota.